Daftari la Mapigo

Doto alikuwa na daftari la kurasa mia mbili lenye picha ya twiga kwenye jalada, na ndani yake hamkuwa na jambo hata moja ambalo mtu mwenye akili zake angeona haja ya kuliandika. Ndivyo walivyosema pale Mwakitolyo. Walisema wakicheka, wamekaa kwenye benchi la kibanda chake cha kuchaji simu, simu zao zikinyonya umeme wa jua kutoka kwenye paneli mbili zilizofungwa juu ya bati. Baadaye waliacha kucheka. Lakini tusikimbilie huko. Watu walioacha kucheka hawapendezi kutazamwa. Tuwaache kwanza wacheke.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mfupi, mwenye macho ya mtu anayekagua noti kama ni bandia. Kulwa, kaka yake pacha, alimtangulia kuzaliwa kwa robo saa, na tangu siku hiyo hakuwahi kumsubiri tena. Kulwa aliposikia kuna dhahabu Mwakitolyo alikuwa amekwisha kufunga begi kabla mwenye habari hajamaliza sentensi. Mama yao, Mbuke, aliyebaki Mhunze na pamba yake, alimwita Doto pembeni akamwambia, "Nenda naye. Yule akiona shimo anaingia. Wewe angalau huuliza lina kina gani."

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Kuchaji simu kulikuwa kisingizio.

Tatizo ni kwamba kazi hiyo alilazimika kuifanya kwa mbali. Pale walipokuwa, duara halitaki mwanamke. Duara ndilo shimo la kuchimbia, na la kina Kulwa lilizungushiwa kamba yenye matambara mekundu, hatua ishirini kutoka mdomoni mwake. Mwanamke akiivuka kamba, dhahabu inashuka chini kusikofikika. Wanaume wote waliomo shimoni lazima watoke saa ileile, zana wakiziacha hukohuko, achinjwe mbuzi, na kazi isimame siku tatu. Hakuna aliyewahi kuona dhahabu ikishuka. Lakini pia hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuiona. Basi Doto alijenga kibanda chake nje kidogo ya kamba, mahali ambapo angeweza kuhesabu vichwa vinavyoshuka asubuhi na vichwa vinavyopanda jioni.

Wachimbaji walikuja kwake kila walipolipua. Baruti ikishategwa, wote sita hutoka, mlipuo hupigwa, kisha husubiri moshi wa sumu upungue ndipo warudi. Kusubiri kwao ndiyo biashara yake. Alikuwa na kishikwambi cha mtumba chenye ufa kioo kizima, na ndani yake gemu moja tu lililokubali kufunguka. Gemu la safari. Unamchukua shujaa wako, unapita naye nchi yenye mazimwi, mnapigana kwa zamu: akupige, umpige. Kila pigo linaandika namba nyekundu juu ya kichwa cha aliyepigwa, na namba hiyo inakatwa kwenye uhai wake. Uhai ukiisha, umekufa, na wenzako kwenye benchi wanakuimbia.

Watu wote waliziona zile namba. Doto peke yake ndiye aliyeuliza zinatoka wapi.

"Panga lako lina nguvu sitini," alimwambia Abel siku moja. Abel alikuwa mchimbaji mwenye pengo la meno mawili na maneno ya watu watatu. "Zimwi la mtoni lina kinga ishirini. Ukilipiga unalikata ngapi?"

"Arobaini. Sitini toa ishirini. Hata mbuzi wa Mama Scolastika anajua."

"Piga."

Abel akapiga. Hamsini na mbili. Akapiga tena. Arobaini na saba. Mara ya tatu, hamsini na moja.

"Gemu bovu hili," alisema Abel.

"Gemu zima. Bovu ni kichwa kinachotoa ishirini kwenye sitini."

"Haya, profesa! Tuambie basi!"

Hakuwaambia kitu, maana na yeye hakujua. Lakini swali lilikuwa limekwisha kumwingia kama mchanga ndani ya kiatu. Siku kumi na moja alipiga mazimwi na kuandika. Mapigo mia tatu. Mia tatu, nasema, kwa mkono, kwa kalamu ya buluu, zimwi moja baada ya jingine, mistari kama ya mahudhurio ya shule. Mama Scolastika, muuza chakula wa jirani, alipita akauliza kama binti amepata kazi ya sensa ya majini.

Kilichomfungua macho ni zimwi la jiwe. Hilo lilikuwa na kinga mia. Kama hesabu ingekuwa ya kutoa, panga la sitini lisingeliachia hata mkwaruzo. Lakini Doto alipolipiga, namba ilitokea: thelathini. Tena, ishirini na nane. Tena, thelathini na mbili. Akakaa, akageuza kurasa, akajaribu hivi na vile mpaka simu za watu zikajaa chaji zote na hakuna aliyekumbuka kuzidai.

"Nimelipata," alisema walipotoka tena. "Chukua nguvu ya panga, zidisha kwa mia. Kisha gawa kwa mia ukijumlisha kinga. Sitini mara mia, gawa kwa mia na ishirini: hamsini. Sitini mara mia, gawa kwa mia mbili: thelathini. Halafu gemu linarusha bahati kidogo juu yake, sehemu moja ya kumi, mara ipande, mara ishuke."

Wakamwangalia kama mtu aliyetangaza kwamba mvua huanguka kutoka juu.

Kulwa ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo kinga haizuii?"

"Haizuii. Inagawa tu. Vaa kinga elfu moja, pigo litapita kidogo. Hakuna kinga inayokufikisha sifuri."

Alilisema kwa kujisifu. Kisha likamkaa vibaya mdomoni, hakujua kwa nini, akaenda kuchomoa simu ambayo haikuwa imejaa.

Mwezi huohuo duara la kina Kulwa lilibadilishwa jina.

Lilikuwa limeitwa Subira, enzi za mwenyewe wa kwanza. Likauzwa, likaitwa Yerusalemu. Sasa limeuzwa tena, na tajiri mpya, ambaye alifika na viatu vyeupe akaondoka navyo vyeupe, akaliita Dubai Ndogo. Ilichinjwa mbuzi. Mchungaji aliomba saa tatu, mganga akafanya mambo yake saa sita, kila mmoja akijifanya hajamwona mwenzake. Ubao mpya wa bati ukasimamishwa mdomoni, jina kwa rangi nyekundu, na chini ya jina, kwa chaki, namba: sifuri.

Namba ile ilikuwa desturi ya maduara ya upande ule, na ni desturi nzuri kwa kuitazama. Kila wakilipua, wanafuta namba na kuandika inayofuata. Ikifika mia, timba za chini hubadilishwa zote. Timba ndizo zile nguzo na mbao zinazoshika kuta zisikumbatiane na wewe ukiwa katikati. Na duara likipata jina jipya, huhesabiwa limezaliwa upya, namba inaanza mwanzo. Hakuna aliyeona ubaya. Mtoto mchanga unamwandikia miaka ya babu yake?

Kulwa alifurahi hata akaitia furaha yake kwenye gemu. Humo mna mhunzi: unampelekea deraya yako kuukuu, ile nguo ya chuma, anaing'arisha, unaipa jina unalotaka, na mstari wa uzima wake unarudi kijani mpaka mwisho. Kulwa akaipa jina la duara. Shujaa wake akatembea nchi ya mazimwi amevaa Dubai Ndogo, kinga mia.

"Unaona inavyowaka?" alisema. "Mpya kabisa."

Doto aliona namba. Zimwi jeusi la daraja la saba lina nguvu themanini. Themanini mara mia, gawa kwa mia mbili: arobaini. Pamoja na bahati, pigo halipaswi kupita arobaini na nne. Kwenye daftari, mapigo aliyopigwa Kulwa na zimwi hilo tangu atoke kwa mhunzi, mawili mawili kabla ya kukimbia, yalikuwa hamsini na moja, hamsini na tano, arobaini na tisa, hamsini na sita. Mapigo kumi na mawili, na hakuna hata moja lililoshuka chini ya arobaini na nane.

Mara moja ungesema mkosi. Mara kumi na mbili ni kwamba kuna kitu hujakijua.

Akahesabu kinyumenyume. Ili themanini itoe hamsini na tatu, kinga lazima iwe hamsini, si mia. Akarudi kwenye kurasa za nyuma, akahesabu mapigo ambayo deraya ile iliyapokea kabla ya kupelekwa kwa mhunzi. Hamsini. Pigo moja linakula kinga moja, kimyakimya, na kioo hakisemi. Mhunzi hakuwa ametengeneza kitu. Alipaka rangi, akaandika jina.

"Kulwa," alisema, "usiende kwa lile zimwi."

"Kwa nini? Nina uhai mia na hamsini. Nakaa mapigo matatu, natoka. Kila mtu anakaa matatu."

"Leo la tatu linakuua."

Benchi zima likapiga mayowe. Hapo ndipo penyewe! Abel akaiweka soda yake dau, mwingine akaweka kofia. Kulwa akaingiza shujaa wake kwenye pango, akikenua. Doto aliandika kwenye daftari, wote wakiona: *Kulwa, uhai 150. La tatu, anakufa.* Na kwa kuwa Abel naye alikuwa ameipeleka deraya yake kwa mhunzi yuleyule, akaongeza chini yake: *Abel, hivyo hivyo.*

Pigo la kwanza, hamsini na tatu. Kulwa akacheka. La pili, hamsini na tano. Akaacha kukenua. La tatu, hamsini na nne, na shujaa wake akapiga magoti ndani ya deraya iliyokuwa ingali ikiwaka kijani.

"Mchawi wewe!" alipiga kelele Abel, akijipiga mapaja kwa kicheko. "Jamani, huyu dada ni mchawi, haki ya Mungu!"

Wakacheka wote. Hata Doto alicheka.

Wakati huohuo duara likalipuliwa. Ardhi iliruka kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na inzi, paneli zikatetema juu ya bati, soda ya Abel ikajikongoja hadi ukingo wa benchi ikasimama. Kutoka pale alipokaa Doto alimwona Maige, kiongozi wa duara, akiufikia ubao, akifuta kwa kiganja, akiandika. Thelathini na mbili.

Doto hakucheka tena siku ile.

Alikuwa na namba za zamani kichwani, hakuhitaji daftari. Alifika Mwakitolyo Subira ikiwa hai. Ubao wake ulikufa kwenye sabini na saba. Yerusalemu iliuzwa ikiwa themanini na nne. Hakuna tajiri aliyefika mia, maana mia ni gharama ya miti, na kuuza ni nafuu. Sabini na saba, themanini na nne, thelathini na mbili. Jumla mia moja tisini na tatu. Na chini kule, mahali Kulwa anapopiga nyundo akiwa amechuchumaa, timba ni zilezile za Subira.

Au labda zilibadilishwa. Labda mhunzi huyu alikuwa mwaminifu. Akachukua simu ya Yasini, fundi wa timba, iliyokuwa imejaa chaji, akaenda kuuliza.

Yasini alikuwa nyuma ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe, akichonga nguzo peke yake.

"Shikamoo mzee Yasini."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea simu?"

"Nimeleta simu na swali."

"Simu nipe. Swali nalo lina chaji?"

"Duara lilipopewa jina jipya, ulibadilisha timba ngapi?"

Shoka likabaki hewani kidogo, kisha likashuka taratibu kwenye kigogo, bila kukata.

"Za juu," alisema. "Mpaka pale mwanga wa tochi unapofika ukisimama mdomoni."

"Na za chini?"

"Za chini nilizichonga ganda. Zikawa nyeupe. Tajiri alichungulia, akaona nyeupe, akafurahi."

"Zikawa nyembamba."

"Zikawa nyeupe," alirudia Yasini. Halafu akalitazama karasha kana kwamba linasikiliza. "Nilimwambia Maige. Akanijibu ubao unasema sifuri. Mimi nina wajukuu saba, binti. Usinitaje."

Kesho yake asubuhi aliwakuta Kulwa, Abel na Maige kwa Mama Scolastika, wakinywa uji. Maige alikuwa mtu mzito, mwenye sauti ya upole ambayo watu huisikia kuliko kelele. Doto alimwamkia kwa Kisukuma.

"Kaka Maige, mwangaluka. Naomba msishuke leo."

"Mwangaluka, mayu. Kuna nini?" alijibu Maige, akimwita mama kwa heshima.

Akawaeleza. Alieleza vizuri, namba kwa namba, bila kumtaja Yasini. Nadhani alieleza vizuri mno. Watu wanaoelezwa vizuri mno hujihisi wameitwa wajinga.

"Dada Doto," alisema Maige, "hilo ni gemu. Kule chini hakuna zimwi."

"Kuna pigo. Kila mkilipua ni pigo."

"Ubao unasema thelathini na mbili."

"Ubao unahesabu jina. Zile timba zimepigwa mia moja tisini na tatu."

Uji ulisimama midomoni kidogo. Ungeweza kuiona hesabu ikijaribu kuingia. Kisha Abel akasema, "Sasa tuzipe timba likizo ya uzazi?" na kicheko kikaifukuza hesabu nje kama kuku.

"Nina watu sita," alisema Maige. "Niwatoe kwa ajili ya zimwi la kwenye kioo? Tajiri nitamwambia nini?"

Kulwa alimfuata nje. "Usinitie aibu, Doto. Tumeufikia mshipa wa dhahabu. Leo tunalipua mara mbili. Mara mbili! Ukiona hivyo ujue mambo yameiva."

"Mama alinituma nini?"

"Mama yuko Mhunze."

Akaenda. Doto alihesabu vichwa vikizama: Abel wa kwanza, Kulwa wa sita, huku Maige akibaki juu kwenye winchi. Kumpigia mkaguzi wa migodi simu? Angefika Jumatatu na baruti ilikuwa ya saa tano. Kuwalilia? Kilio cha mwanamke pale kilikuwa kama jogoo kuwika, unakisikia unageukia upande wa pili. Alikuwa na kitu kimoja tu ambacho wanaume wale wasingebishana nacho, na kilikuwa kinapepea mbele yake kwenye matambara mekundu.

Saa nne kasoro aliinama, akapita chini ya kamba.

Maige alikuwa ameipa kamba mgongo. Aliposikia hatua na kugeuka, Doto alikuwa amekwisha kufika mdomoni, na mguu wake wa kulia umekanyaga timba ya juu kabisa, mpya, inayonukia utomvu. Chini zaidi, ukingoni mwa mwanga, nyeupe ilianza kuwa ya aina nyingine, nyeupe ya kitu kilichochunwa. Hewa iliyopanda usoni ilikuwa ya unyevu na baruti. Akasikia nyundo. Kati ya nyundo na nyundo akasikia kitu kingine, kidogo, kikavu, kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja akisubiri zamu yake.

"Toka hapo!" Sauti ya Maige haikuwa ya upole tena. "Mwanamke, toka!"

"Watoe wao kwanza."

Maige angeweza kumsukuma. Baadaye wapo waliosema ilimpasa kumsukuma. Lakini mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kipande cha reli kilichoning'inia kama kengele, akakigonga, akagonga, akagonga, kama walivyogonga waliomtangulia, na chini kule nyundo zikanyamaza.

Walipanda mmoja mmoja. Doto hakuondoa mguu. Mmoja. Wawili. Abel wa tatu, akamwona, akafumba macho. Wanne. Watano. Ikapita nafasi ndefu. Kisha kofia ya Kulwa. Sita.

Kulwa hakumtukana. Alimpita bila kumgusa, kama unavyopita karibu na sufuria ya moto.

Hukumu ilitolewa palepale. Mbuzi, siku tatu, kibanda kifungwe. Doto hakuwa na mbuzi. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akielekea Kahama alikuwa na mbuzi, na aliwahi kukitamani kile kishikwambi. Kikaondoka na gemu lake ndani, mashujaa wote sita, deraya zao zikiwaka kijani.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea, na watu walimzomea akiteka maji. Siku ya pili, saa nne asubuhi, hakuna aliyekuwa amelipua chochote. Palikuwa kimya. Mama Scolastika alikuwa akipepeta mchele. Ardhi ikashusha pumzi.

Haikuwa sauti kubwa. Wanaokumbuka husema ilifanana na mtu mnene akikaa kitini. Kamba yenye matambara ilivutwa ndani upande mmoja, winchi ikainama kama inayochungulia, na ule ubao wa bati ukasimama wima kwa muda, Dubai Ndogo, thelathini na mbili, kisha nao ukashuka ukiwa umesimama hivyohivyo. Vumbi likapanda taratibu. Lilipotua, palikuwa na bonde mahali pa duara, na kando ya bonde wanaume sita wazima, mikono vichwani.

Doto aliwahesabu. Alipofika sita akakaa chini kwenye vumbi.

Alisubiri mtu aseme kitu. Hata matusi. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Abel, na hakuwa anacheka, wala pengo lake halikuonekana.

"Alijuaje?" alisema Abel.

Neno likapita kutoka mtu kwenda mtu, bila kupandishwa sauti. Alijuaje. Kavuka kamba na duara limekufa, na alijua. Mama Scolastika aliokota ungo wake akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe.

Saa nane Kulwa alikuja kibandani, akaingia bila kubisha, akasimama na mgongo kwenye mlango wa bati.

"Daftari liko wapi?"

Akampa. Kulwa akafungua palepale pa siku ile ya soda. Mwandiko wa dada yake, buluu, safi: *Kulwa, uhai 150. La tatu, anakufa. Abel, hivyo hivyo.* Na ukurasa wa pili, alioujaza baada ya kutoka kwa Yasini: *Mia moja tisini na tatu. Si zaidi ya wiki.*

Kulwa alisoma mara mbili. Aliuma midomo, kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kulia, ila sasa alikuwa na ndevu na hakulia.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Mimi naelewa. Lakini mtu asiyejua gemu akisoma hivi…"

"Abel alikuwepo! Abel aliweka soda! Mwambie awaeleze."

"Doto." Alinong'ona. "Abel ndiye anayewakusanya."

Nje palikuwa na sauti za watu wanaotembea bila haraka. Doto aliwaza kishikwambi, kitu pekee ambacho kingeweza kuonyeshwa, kikisafiri Kahama ndani ya mfuko wa nailoni.

"Pikipiki ya jamaa yangu iko nyuma ya karasha," alisema Kulwa. "Nenda Kahama, panda basi la Geita. Mimi nabaki. Tukikimbia wote wataona tumekiri."

"Sikuachi. Mama alisema…"

"Mama alisema uangalie nisife. Sijafa." Akalitia daftari ndani ya shati. "Umemaliza kazi yako. Ondoka, bhebhe, ondoka wewe!"

Akatoka mbele. Kupitia tundu la msumari Doto alimwona akitembea kuwaelekea, mikono wazi, akiongea kwa sauti kubwa ya mtu anayechekesha watu. Alisikia jina lake mara mbili. Hakungoja la tatu.

Geita kuna watu wengi wasioulizana. Doto alipata kibanda karibu na stendi ya bodaboda, akakipaka rangi ya kijani, akaandika kwa mkono wake: ZIPORA CHAJI. Wateja wakamwita Zipora, naye akaitika. Siku ya kwanza alipoitika bila kuchelewa, alisimama nje akiutazama ule ukuta unaong'aa. Alijua rangi ile. Alijua jina jipya hufanya nini na halifanyi nini.

Kulwa alimpigia mwezi wa tatu tangu aondoke. Alisema daftari amelichoma. Alisema hakuna aliyemgusa, ila hakuna anayekula naye. Alisema amepata duara jingine, upande wa pili wa barabara.

"Linaitwaje?"

"Baraka."

Doto alichukua kalamu.

"Zamani liliitwa Kanaani," alisema Kulwa haraka. "Na kabla ya hapo halikuwa na jina. Niliuliza, Doto. Nilishuka mwenyewe na kisu, nikachoma kila timba mpaka chini. Niliuliza kwanza."

Baada ya simu ile Doto alicheka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu soda ya Abel. Alikuwa bado anatabasamu mwanamume mmoja alipofika kaunta, mgeni, mwenye vumbi jekundu kwenye mikunjo ya shingo.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Simu au betri?"

Yule mtu hakutoa simu. Alisoma ubao, polepole. Akapitisha kidole kwenye rangi ya kijani, akakitazama kidole.

"Jina jipya hili," alisema. "Zamani hapa paliitwaje?"

"Hivihivi."

Akaitikia kwa kichwa. Akamtazama usoni kwa muda ambao mteja hahitaji, kisha akavuka barabara, akasimama kwa vijana wa bodaboda, na mmoja wao akageuka kuangalia kibandani.

Doto alifunga nusu ya mlango. Nyuma yake, mahali mteja haoni, kulikuwa na mistari ya kalamu ya buluu, mmoja kwa kila mtu aliyewahi kumtazama namna ile. Kumi na moja. Akaongeza wa kumi na mbili. Akahesabu tena tangu mwanzo, kwa kidole, ingawa alijua ni ngapi. Asichojua ni kinga yake ilianza na ngapi.

Nje, yule mtu alikuwa ametoa simu yake. Ilikuwa na chaji.